Karanga Juu ya Jiko la Kahawa

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Rufaa, aliyeachishwa kazi idara ya maji na tangu hapo anakata rufaa, kwanza kwa wakubwa wake, baadaye dhidi ya kila jambo linalosemwa mbele yake. Nusu Dozi, aliyekuwa akiuza dawa dukani na kuwashauri wagonjwa wameze nusu, nusu nyingine waweke akiba. Bila Sukari, muuza kahawa, mwenye jiko, birika na vikombe. Jina lake linajieleza. Kisigino, fundi viatu, aitwaye hivyo kwa sababu humtazama mtu kisigino kabla ya kumtazama uso. Na mimi, Karani, mwisho wa benchi, penye msumari uliochomoza. Hayo siyo majina tuliyopewa na wazazi wetu, lakini ndiyo tuliyokuwa tukiitikia. Benchi liko kwenye kona, mbele ya studio ya picha iliyofungwa zamani, ambapo nyuma ya kioo bado wanatazama nje maharusi ambao hakuna anayewajua. Ukikaa pale unaona bomba la maji, na nyuma ya bomba unaona bati la nyumba anamokaa Kisigino na mama yake. Bati unaliona, mlango huuoni.

Ilikuwa asubuhi, kahawa ya pili inamiminwa, Kisigino alipokuja na sufuria iliyofunikwa sahani. Hakusalimu. Aliinua birika kutoka jikoni, akaliweka chini, akaitua sufuria yake mahali pake.

— We Kisigino! — akasema Bila Sukari. — Hilo ni jiko la kahawa au la ukoo wenu?

— Nisaidie leo tu, kaka. Nyumbani siwezi tena kuwasha moto. Jana ziliungua, moshi ukajaa chumbani, mama akakohoa mpaka nikaogopa.

— Ziliungua nini?

Kisigino akafunua. Karanga na maganda yake zilikuwa zinaelea majini kama mende waliozama.

— Karanga! — akasema Rufaa. — Nami nilidhani mtu kaleta jambo.

— Ni jambo, Rufaa. Tulia nikueleze.

Alieleza akiwa amesimama, huku akiupepea mkaa kwa soli ya kiatu cha mteja. Mama yake alikuwa ametoka hospitali karibuni, na tangu arudi alikuwa hali kitu. Uji anaurudisha, mchuzi anautazama tu. Kitu kimoja alichotamka kwa kinywa chake ni karanga za kuchemsha, zile laini zinazovunjika kwa ufizi, maana meno hana. Mara ya kwanza Kisigino alizichemsha zikabaki ngumu. Mama akachukua moja, akaizungusha mdomoni, akaitoa akaiweka pembeni ya sahani, akasema, "Ahsante mwanangu, nimeshiba." Mara ya pili zililainika kidogo, lakini chumvi ilibaki kwenye maganda, ndani hamna kitu. Mara ya tatu ndiyo hiyo ya moshi.

— Na leo dada yangu anakuja na basi la alasiri — akasema. — Kanipigia simu. Anasema mimi mwanamume gani, nimeachiwa mama nimtunze, hata karanga kuchemsha siwezi. Akifika akikuta mama hajatia kitu kinywani, anamchukua. Kitanda ameshakitandika huko kwake.

— Na mama anasemaje?

— Mama anasema chumbani mwake hatoki ila kwa kubebwa.

— Basi si atabaki?

— Dada yangu humjui wewe. Akisema amesema. Mimi nimekaa na mama maisha yangu yote, Rufaa. Akiondoka, mle ndani nitaongea na nani? Na nyundo?

Kila mmoja wetu akaitazama sufuria kwa heshima mpya.

Ni lazima nieleze kwamba mama huyo ndiye tuliyemwita Bi Beseni. Kwa miaka mingi alikaa kwenye kona hii hii na beseni la karanga za kuchemsha, anawapimia watu kwenye karatasi za daftari alizozikunja mwenyewe. Hakuna aliyekaa kwenye benchi lile ambaye hakuzila. Kwa hiyo jambo lilipofikishwa mbele yetu, hakuna aliyejiona mgeni nalo. Wote tulikuwa mashahidi.

— Kosa lako ni chumvi — akasema Rufaa. — Unaitia lini?

— Mwishoni.

— Ndiyo hapo! Chumvi inatangulia. Samaki mkunje angali mbichi.

— Usimpoteze mwenzako — akasema Nusu Dozi. — Chumvi ikitangulia inaziba vitundu vya ganda. Maji hayaingii tena. Hiyo ni sayansi, si maneno ya mtaani. Chumvi inakuja mwisho, karanga ikishafunguka.

— Mama yake alitanguliza. Nilimwona kwa macho yangu.

— Ulimwona wapi? Wewe ulikuwa unamwona akikukopesha.

— Mimi nasema asitie kabisa — akasema Bila Sukari. — Kitu kizuri hakitiwi kitu.

— We nyamaza, tunajua msimamo wako.

— Ninyi, mama mwenyewe yupo hai — nikasema mimi. — Umemwuliza, Kisigino?

— Nimemwuliza, mzee. Kaniambia, "Zichemshe tu, mwanangu, mpaka ziive."

Tuliyatafakari maneno hayo. Nusu Dozi akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa cheti kisicho na jina la dawa.

— Lakini wewe umelelewa na zile karanga — akasema Rufaa. — Hukuwahi kuangalia?

— Nimelala chumba kimoja na ile sufuria tangu utoto. Usiku nikilala iko sakafuni. Nikiamka asubuhi zimeshaiva.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa sisi ndio ulimwengu. Tia chumvi.

— Usitie!

— Tia nusu sasa — akaamua Nusu Dozi — na nusu baadaye.

Kisigino akatia nusu. Halafu akafuta mikono kwenye aproni yake ya ngozi, akatazama upande wa bomba.

— Ngojeni nikamtazame mama mara moja. Nimemwacha amelala. Maji nimemwekea karibu, lakini...

— Amelala? — akauliza Nusu Dozi.

— Amelala.

— Basi unakwenda kumfanya nini? Mgonjwa aliyelala haamshwi. Usingizi ni dawa, tena dozi kamili. Ukiingia na hizo ndala zako utamshtua.

— Tena sufuria isiyo na mwenyewe haichemki — akasema Rufaa. — Kaa. Haraka haraka haina baraka.

Akakaa, kwa ukingo wa benchi, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Sufuria ikaanza kuchemka. Akaja mteja wa kahawa, akaliona birika chini, akaenda zake. Akaja mwingine, mwenye kiatu kimoja mguuni, anataka cha pili. Kisigino akamwambia akipate kesho, na alipogeuza uso tuligundua kuwa soli iliyokuwa ikipepea moto ndiyo ya bwana huyo. Aliondoka anachechemea huku akitutukana kwa adabu.

Rufaa akafunua sahani, akachukua moja, akaibana, akaitafuna.

— Mawe.

Nusu Dozi naye akachukua.

— Mawe, ndiyo. Lakini mawe yenye matumaini.

— Ni maji hayo — akasema Rufaa. — Umeteka bombani?

— Nimeteka pale.

— Mimi nimefanya kazi idara ya maji. Yale yanatiwa dawa. Dawa inakaza kila kitu. Kwa nini mabomba yetu hayaozi? Kwa sababu yamekazwa. Karanga inataka maji ya mvua.

— Mvua yenyewe iko wapi?

— Hilo si kosa langu. Mimi nilishaandika kwa wakubwa.

— Achana na maji — akasema Nusu Dozi. — Inayotakiwa ni magadi kidogo. Au msumari wenye kutu. Chuma kikiingia kwenye maji, ganda linasalimu amri.

— Msumari kwenye chakula cha mgonjwa? — akasema Bila Sukari. — Kwani mama kapungukiwa na misumari?

— Damu yake inataka chuma! Utakuwa umepika chakula na dawa kwa moto mmoja.

Wakageuka wote kutazama upande wangu wa benchi. Niliombwa kusimama. Rufaa akaushika ule msumari kwa koleo ya Kisigino, akavuta, akavuta tena ameweka mguu ubaoni, uso ukajaa jasho. Msumari haukutoka. Ulipinda tu, na tangu siku ile umekuwa mbaya zaidi kwa mkaaji.

Kisigino alikuwa amesimama muda wote huo.

— Jamani, jua linapanda. Ngojeni nikachungulie tu mlangoni.

— Nenda basi, rudi — akasema Bila Sukari.

Akaenda. Alifika penye bomba. Nilimwona kabisa ameweka mkono juu ya bomba, kama kawaida ya watu wanaopita pale, tayari kukata kona. Hapo sufuria ikafurika. Maji yakamwagikia mkaa, jiko likapiga kelele na kutoa wingu la majivu.

— Kisigino! Zinamwagika! Kisigino, moto unazima!

Akarudi mbio. Walipomaliza kuokoa mkaa, kila mmoja akimpa mwenzake amri, sehemu ya maji ilikuwa imepotea, na Bila Sukari alikuwa na majivu mpaka kwenye nyusi.

— Mnaona? — akasema Bila Sukari. — Ni kelele zenu. Chakula kinasikia, jamani. Hata kahawa yangu, siku mkigombana inakuwa chungu.

— Kahawa yako chungu kila siku.

— Mnagombana kila siku.

— Hapo kasema — akasema Nusu Dozi. — Lakini sababu si kelele, ni mwanga. Fikirini. Karanga inazaliwa wapi? Chini ya udongo, gizani. Haijaona jua. Sasa ninyi kila mara mnafunua, "mawe," mnafunika, mnafunua, "mawe." Mtoto wa gizani ukimfunulia mwanga anajikunja. Anakaza misuli.

— Karanga ina misuli?

— Wewe unadhani ile inayokushinda kuitafuna ni nini?

Kisigino hakucheka. Akaongeza maji, akafunika sahani, juu ya sahani akatandika gunia la mkaa, na juu ya gunia akaweka jiwe. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Tukakaa tunatazama gunia. Sijawahi kuona watu wazima wakiteseka vile kwa kukaa kimya. Rufaa alikunja miguu, akakunjua. Nusu Dozi alihesabu vidole vyake. Kisigino alikuwa akitazama bati, kisha jiko, kisha barabara ya kutokea stendi, kisha bati.

— Na ziko dume — akasema Rufaa mwishowe.

— Nini?

— Ziko karanga dume. Lile ganda lenye punje moja tu. Hilo haliivi hata ulichemshe mwezi mzima, tena linawashawishi wenzake wasiive. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse sufuria moja.

— Rufaa, hilo umelitoa wapi?

— Nimelifikiria sasa hivi, lakini lina ukweli. Karani, wewe uliyesomeshwa na wakoloni, walikufundisha nini kuhusu karanga?

— Walitufundisha kuzilima — nikasema. — Kuzila walikula wao.

— Basi ondoeni dume!

Na kweli gunia likaondolewa, sahani ikafunuliwa, na wazee watatu wenye wajukuu wakainamia mvuke kwa vijiko vya kahawa, wakiwinda maganda ya punje moja. Kila dume waliyempata walimla ili kuthibitisha. Kisha wakaanza kuonja na majike, kwa haki. Bandu bandu, hata mimi nilianza kuona maji mengi kuliko karanga.

— Basi! — Kisigino akapaza sauti. Hatukuwa tumewahi kumsikia akipaza sauti. — Basi, kaka zangu. Hizo ni za mama. Mkizimaliza nitaingia mle ndani na nini? Mkono mtupu haulambwi. Dada yangu yuko njiani, na mama tangu jana hajala, na mimi niko hapa nawatazama mnakula chakula chake!

Vijiko vikawekwa chini. Nusu Dozi akafuta midomo.

— Samahani, mdogo wangu. Tunatafuta njia.

— Najua.

— Tutakaa kimya.

— Kaeni tu.

Tukakaa kimya, safari hii kweli. Adhuhuri ikapita. Bila Sukari akatugawia kahawa iliyobaki kwenye birika. Ilikuwa ya baridi, tukainywa hivyo hivyo. Mkaa ukawekwa tena. Maji yakaongezwa, chumvi ile nusu ya pili ikatiwa, na hakuna aliyebisha. Sasa moto ulikuwa wa taratibu, si ule wa asubuhi wa kupepewa kwa hasira, na sufuria ikawa inaongea kwa sauti ya chini.

Wa kwanza kuisikia ile harufu alikuwa Rufaa. Aliinua kichwa. Kisha sote. Ni harufu ya udongo uliopata mvua, yenye chumvi ndani yake, ile iliyokuwa ikituamsha kwenye mabishano kila Bi Beseni alipofunua kitambaa. Kisigino akafunua, akachukua moja, akaibana kwa vidole viwili. Ganda likafunguka lenyewe, likatoa maji. Punje akaiweka katikati ya ulimi na kaakaa, hakutumia meno.

Alifumba macho.

— Ndizo — akasema.

— Ndizo?

— Ndizo zenyewe.

Rufaa alimpiga mgongoni, Nusu Dozi akapeana mkono na Bila Sukari kama watu waliotia saini mkataba. Kisigino akacheka, ndiyo mara ya kwanza siku ile. Akashika sufuria kwa gunia aibebe.

— Unakwenda wapi? — akauliza Nusu Dozi.

— Nampelekea zikiwa na moto.

— Ziache! Onja tena. Chumvi imefika ndani?

Kisigino akaonja nyingine.

— Bado kidogo.

— Basi ziache zipoe ndani ya maji yake. Zikipoa ndipo zinainywa chumvi. Hilo silibuni, kaka, hilo nalijua. Ukizitoa sasa utampelekea zilezile za mara ya pili, na safari hii dada yako atakuwa mlangoni.

Kisigino alisita. Alitazama bati. Alitazama sufuria.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama — akasema Rufaa, kwa upole kabisa.

— Kidogo tu — akasema Kisigino, akaitua chini, kando ya jiko.

Tukakaa kuizunguka. Kila mmoja sasa alikuwa amekumbuka kwamba njia iliyoshinda ni yake. Rufaa alisema ni kwa sababu dume ziliondolewa. Bila Sukari alisema ni kimya. Nusu Dozi alisema giza, kimya ni nyongeza tu. Kisigino alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa jiko, ameipa barabara mgongo, anachovya kidole majini kupima joto, kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto.

Ndipo akafika mwanamke mmoja, mtu mzima, ana begi mkononi na vumbi la safari viatuni. Alisimama kwenye mwisho wa benchi, akapumzika, akamwomba Bila Sukari kahawa.

— Kahawa imekwisha, dada. Leo jiko halikuwa langu. Lakini karibu ukae. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwanamke akaitazama sufuria.

— Karanga?

— Karanga, dada — akasema Rufaa, akanyoosha kifua. — Tena si karanga hivihivi. Hizi ni za mama mzazi wa huyu bwana. Mgonjwa, hali kitu. Tangu asubuhi tuko hapa, hatujanyanyuka, mpaka zimeiva. Kuna dada yake mmoja mkali anakuja kuzikagua. Akifika atakuta kazi imekwisha.

— Tangu asubuhi?

— Tangu asubuhi.

— Na yeye pia?

— Hasa yeye. Tulimzuia mara ngapi asiondoke! Mwana kama huyu, dada, hapatikani.

Kisigino alikuwa ameshaitambua sauti. Alisimama polepole, kidole bado kina maji. Mwanamke hakumtazama kwa ukali. Hakuutazama hata uso wake. Aliwatazama wote waliokaa kwenye benchi, mmoja mmoja, kama anayetafuta nani amekosekana.

— Na mama — akauliza — mama yuko na nani?

Rufaa alifungua kinywa. Nusu Dozi akamtazama Bila Sukari, Bila Sukari akatazama birika. Mimi nilitazama bati. Swali halikuwa gumu, na tulikuwa watu wa kutosha kulijibu.

Kisigino alikimbia. Ndala moja ilibaki penye bomba. Dada yake alimfuata, begi akaliacha kwenye benchi, na baada ya muda Rufaa naye akaibeba sufuria kwa mikono miwili, bila gunia, akawafuata hadi kwenye kona, hapo akasimama. Sisi tuliobaki tulimwona kwa mgongo tu. Alibaki pale ameishika sufuria iliyokuwa bado na joto, hakuitua, mpaka tukasikia sauti ya yule dada kutoka nyuma ya bati.

Bila Sukari alikwenda kuichukua mikononi mwake. Karanga zilikuwa zimepoa. Chumvi ilikuwa imefika ndani.

Mama yake Kisigino, tuliyemwita Bi Beseni, alifariki kitandani mwake siku ile, kabla ya adhuhuri.